Kidonge cha kichocho ni cha nani? Hataza ya dawa inalinda nini hasa

Kwa watu wa Kirumba, ziwa ni kazi. Pale Mwaloni samaki na dagaa wanashushwa, na kote ufukweni mitumbwi inaoshwa, nguo zinafuliwa, watoto wanaogelea. Kwenye maji hayohayo ya pembeni wanaishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Ukiingia majini, kimelea kinapenya ngozi, na ndani ya mwili minyoo yake inaweza kukaa miaka ikiumiza ini na utumbo taratibu.

Dawa ipo. Inaitwa prazikwanteli. Unapimwa uzito, unapewa miligramu 40 kwa kila kilo, basi. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600, siku moja tu. Lakini historia ya kidonge hiki inatufundisha jambo ambalo wengi tunalichanganya: mtu akisema "dawa hii ina hataza", amesema nini?

Tuanze na msingi. Hataza ni haki ya kumzuia mwingine asitengeneze, asitumie wala asiuze uvumbuzi wako bila ruhusa. Haki hiyo haiangukii dawa nzima kama blanketi. Inalinda kile tu kilichoandikwa kwenye sehemu inayoitwa madai. Ifikirie kama uzio wa kiwanja: una mipaka, na nje ya mipaka hiyo jirani anajenga apendavyo. Kwenye dawa, uzio unaweza kuzunguka vitu vinne: molekuli yenyewe, njia ya kuitengeneza, matumizi yake kwa ugonjwa fulani, au umbo lake, mfano kidonge cha aina mpya.

Sasa turudi miaka ya 1970. Kampuni ya Merck ya Darmstadt, Ujerumani (si ile Merck ya Marekani), ilikuwa imetengeneza kundi la kemikali ikitafuta dawa za kutuliza akili. Kemikali hizo zikapelekwa kwa Bayer kupimwa dhidi ya minyoo, na mojawapo ikaonekana kuwa kiboko ya minyoo. Kampuni hizo mbili zikachukua hataza. Shirika la Afya Duniani likashirikiana na Bayer kwenye majaribio ya binadamu katika nchi kadhaa. Tanzania nayo imo kwenye historia hiyo: mwaka 1979 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha matokeo ya jaribio la prazikwanteli lililofanyika hapa nchini dhidi ya kichocho cha kibofu.

Kwa wagonjwa yalikuwa mapinduzi. Kwa miaka mingi kabla ya hapo watu walichomwa sindano za antimoni, madini yenye sumu inayoweza kusumbua hata moyo. Bayer ikaanza kuuza dawa mpya kwa jina la Biltricide. Tatizo likawa bei. Kwa wizara ya afya ya nchi maskini, kutibu mamilioni ya watu kwa bei ile ilikuwa ndoto.

Hapo ndipo wanaingia Wakorea. Enzi hizo sheria ya Korea Kusini haikutoa hataza kwa molekuli ya dawa. Ililinda njia ya kutengeneza tu. Ulinzi wa molekuli ulikuja mwaka 1987. Kwa hiyo uzio wa Wajerumani ndani ya Korea ulikuwa mfupi: ukipata njia tofauti ya kufika kwenye molekuli ileile, hujavunja sheria. Kampuni ya Shin Poong ikafanya hivyo mwaka 1983, ikianzia kwenye malighafi nyingine na kwa gharama ndogo. Ikaanza kuuza nje, na ushindani ukashusha bei mwaka baada ya mwaka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kidonge kimoja kilipatikana kwa chini ya senti 10 za dola.

Ona kilichotokea. Molekuli ni ileile, ugonjwa ni uleule. Kilichobadilisha mambo ni upana wa uzio katika nchi moja.

Upana unaweza pia kwenda upande wa pili. AZT, dawa ya kwanza ya kufubaza virusi vya UKIMWI kuidhinishwa Marekani, mwaka 1987, ilikuwa imetengenezwa tangu 1964 na Jerome Horwitz, akitafuta tiba ya saratani. Molekuli haikuwa mpya tena. Lakini kampuni ya Burroughs Wellcome ilipata hataza juu ya matumizi yake dhidi ya VVU, na uzio huo mmoja ulitosha kuibeba bei juu.

Na nguvu ya hataza? Hiyo inategemea nchi na muda. Hataza ya Ujerumani haina meno Mwanza. Lazima isajiliwe huku pia. Kabla ya sheria yetu ya hataza ya 1987, iliyosajiliwa hapa ilitokana na ile iliyokwisha kutolewa Uingereza. Leo mwombaji anapitia BRELA Dar es Salaam, au shirika la kikanda la ARIPO lililoko Harare. Mkataba wa biashara duniani ulioanza kazi 1995 unataka miaka 20 ya ulinzi, lakini nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwemo, zimeruhusiwa kutolinda hataza za dawa hadi Januari 2033. Ruhusa hiyo haijitekelezi yenyewe. Nchi lazima iitumie. Uganda iliiandika kwenye sheria yake ya mwaka 2014.

Basi, hataza za mwanzo za prazikwanteli zimekwisha zamani, bei imeanguka, na Merck yenyewe inagawa vidonge bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Tumemaliza? Hapana. Kwa miaka karibu 40 hapakuwa na kidonge cha mtoto mdogo. Kile cha watu wazima ni kikubwa na kichungu. Mhudumu alilazimika kukivunja au kukisaga, na mipango ya kugawa dawa ikalenga watoto wa shule. Mdogo wao anayebebwa mgongoni mama akifua ziwani aliachwa nje. Dawa mpya, arprazikwanteli, inayoyeyuka kwenye maji na inayofaa kuanzia umri wa miezi mitatu, ilipata maoni chanya ya mamlaka ya dawa ya Ulaya Desemba 2023 tu, baada ya majaribio Kenya na Ivory Coast. Na hata hiyo haikuletwa na soko. Ilibebwa na muungano wa kampuni, taasisi za utafiti na wafadhili.

Sababu haikuwa uzio. Kwanza, kwa muda mrefu watoto wadogo hawakuhesabiwa kuwa wagonjwa wakubwa wa kichocho. Pili, na hili ndilo zito, hataza huahidi faida kutoka kwa wanunuzi, na wazazi wa mialoni hawana fedha za kuwa soko. Ukimpa mtu uzio wa kiwanja ambacho hakuna anayetaka kukinunua, hawezi kujenga.

Kwa hiyo ukisikia dawa ni ghali "kwa sababu ya hataza", uliza mambo matatu: inalinda nini, katika nchi gani, mpaka lini? Mara nyingi utagundua uzio una mlango. Na kama dawa haipo kabisa, uliza la nne: nani angelipia utafiti wake? Swali hilo la mwisho hataza haiwezi kulijibu. Ni la bajeti zetu, vyuo vyetu na maabara zetu.