Kompyuta za Mitumba na Imeji Moja

Kashozi, kaskazini ya Bukoba, ilipata misheni mwaka 1892, na darasa likatangulia umeme kwa miongo mingi. Umeme wenyewe mkoa huu wa Kagera uliupokea kutoka Uganda, kupitia Masaka, nao haukuwa na adabu ya kuaga kabla ya kukatika. Shule ya huku ikipewa kompyuta ishirini za mitumba, fundi hujiuliza: nani atazisakinishia mfumo moja moja, na kurudia kila diski inapokufa?

Jibu moja lilizaliwa Marekani mwaka 1999, Jim McQuillan alipoanzisha LTSP, mradi wa programu huria. Seva moja hubeba mfumo. Mashine za wanafunzi, hata zisizo na diski, huuvuta kwa waya wa mtandao. Kinachovutwa ni imeji, yaani mfumo mzima uliofungwa pamoja. Linux4Afrika, mradi wa Wajerumani, ulileta Tanzania na Msumbiji kompyuta kuukuu zenye Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, kwa mtindo huo.

Mfadhili hupigwa picha mbele ya kontena. Anayetunza zana ya kutengeneza imeji hapigwi, na historia ya zana hiyo ndiyo nzito.

Mwanzoni LTSP ilijitengenezea Linux yake ndogo, na kila kitu kilipobadilika ilibidi watengenezaji wake wakijenge upya. LTSP 5, katikati ya miaka ya 2000, iliutua mzigo huo: imeji ikajengwa kwa vifurushi vya Linux zilizopo tayari, Ubuntu au Debian. Nafuu hiyo ilikuwa na bei. Ubuntu ilipohamia systemd mwaka 2015, namna ya kuwasha mfumo ikabadilika, na zana iliyozoea utaratibu wa zamani ikabaki kutiwa viraka. Mwaka 2019 Alkis Georgopoulos, mtaalamu wa mifumo ya shule za Ugiriki, aliongoza kuiandika upya kabisa. Naona alifanya sawa. Viraka vilikuwa vimezidi nguo. Sasa fundi akishasasisha seva, amri moja huifunga seva hiyohiyo kuwa imeji, na darasa zima likiwashwa tena linapata toleo jipya.

Mwaka huohuo wa 2019 Ubuntu 19.10 iliziacha mashine za biti 32, aina iliyojaa kwenye mitumba. Debian 13 ikafuata mwaka 2025. Imeji ya seva ya biti 64 haiwaki kwenye mashine hizo, hivyo anayezitunza hulazimika kujenga nyingine kando, kwa Debian 12.