Mtu wa Foki Iliyovunjika

Mbio za baiskeli za kuizunguka Ufaransa, zile ziitwazo Tour de France, zina desturi moja ambayo mimi siipendi. Zikimalizika tunatajiwa jina la mshindi na saa alizotumia, basi. Wengine wote waliopanda milima ileile, juani na mvuani, hubaki kuwa namba katika orodha. Leo nataka nimzungumzie mtu ambaye hakuzishinda mbio hizo hata mara moja. Jina lake ni Eugène Christophe, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1885, na kabla ya kuishi kwa baiskeli alijifunza kazi ya ufundi wa makufuli. Uuweke akilini ufundi huo, utatufaa mbele.

Mbio zilianzishwa mwaka 1903 na gazeti la michezo la L'Auto, ambalo lilikuwa likitafuta wanunuzi. Mkuu wake, Henri Desgrange, alikuwa mtu wa amri. Kwake yeye mashindano yalikuwa ni mtu na baiskeli yake, hapana wa tatu. Chombo kikiharibika, anayekitengeneza ni mpandaji mwenyewe. Akishikwa mkono na mtu yeyote, adhabu. Hakukuwa na gari la timu linalofuata nyuma na baiskeli za akiba. Na safari haikuwa ya kwenda sokoni na kurudi. Mwaka 1913 ilizidi kilometa 5,000, na kati ya watu 140 walioianza ni 25 tu waliofika mwisho.

Mwaka huo Christophe alikuwa na kila sababu ya kutumaini ushindi. Siku ya milima ya Pyrenees, kutoka Bayonne kwenda Luchon, kilometa zipatazo 326, aliupanda mlima Tourmalet, wenye kimo cha zaidi ya meta 2,100, akiwa miongoni mwa walio mbele kabisa. Wakati wa kuteremka, foki ikavunjika. Nasema foki, ile mikono miwili ya chuma inayolishika gurudumu la mbele. Tairi likipasuka unaziba. Foki ikivunjika huna baiskeli tena.

Akaitia baiskeli begani, gurudumu mkononi, akashuka kwa miguu zaidi ya kilometa 10, huku wale aliowaacha nyuma wakimpita mmoja mmoja. Akafika kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaulizia mhunzi. Mhunzi alikuwepo, na moto ulikuwepo, lakini wasimamizi wa mbio nao walikuwepo, wamesimama mlangoni kuhakikisha kuwa hakuna mtu anayemsaidia. Hapo ndipo ule ufundi wa makufuli ulipomfaa. Alipasha chuma moto, akagonga, akaunga, kwa muda wa saa 3 na ziada. Husimuliwa kwamba msimamizi mmoja alipolalamika njaa, Christophe alimwambia ale makaa.

Foki ikapona. Akapanda baiskeli, akavuka milima mingine miwili na kuingia Luchon akiwa amepoteza karibu saa 4. Ushindi ulikwisha kwenda. Ndipo wakamwadhibu! Kosa gani? Akiwa na kazi mikono yote miwili, kijana mmoja wa pale alimvutia viriba vya kupulizia moto. Dakika 10, ambazo baadaye zilipunguzwa zikawa 3.

Sasa nisikilize hapa. Mshindi wa mwaka ule, Mbelgiji Philippe Thys, naye mbio zikielekea mwisho aliharibikiwa baiskeli, akasaidiwa kuitengeneza, akaadhibiwa dakika 10. Akashinda hata hivyo, kwa tofauti isiyofika dakika 9. Simlaumu Thys, alilipa alichotozwa. Lakini sheria iliyomtoza mtu dakika 10 kwa sababu kijana amevuta viriba, na mwingine dakika zilezile kwa kutengenezewa chombo, ilikuwa inahesabu makosa bila kuyapima. Christophe alimaliza wa saba.

Wapo watakaosema sheria ni sheria. Nawakumbusha tarehe 14 Julai 2016. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufunzwa baiskeli na Mkenya David Kinjah, alikuwa amevaa jezi ya manjano ya kiongozi. Katika mlima Ventoux watu walijazana barabarani, pikipiki ikakwama, wapandaji wakaivaa, na baiskeli ya Froome ikavunjika. Dunia nzima ikamwona akikimbia mlimani kwa miguu, hana baiskeli. Jioni waamuzi walikaa, wakasema ajali ile haikuwa ya kimichezo, wakamrudishia muda wake. Mbio hazikufa kwa huruma hiyo. Mimi naona ziliheshimika zaidi.

Lakini turudi kwa Christophe. Vita vikuu vilizisimamisha mbio kuanzia 1915 hadi 1918. Ziliporudi mwaka 1919 alikuwa na miaka 34, na ndiye aliyeongoza. Mwaka huohuo Desgrange alibuni jezi ya manjano, rangi ya karatasi za gazeti lake, ili umma umtambue kiongozi, na mtu wa kwanza kuivaa ni Christophe, mjini Grenoble. Zilipobaki siku mbili tu za mbio, katika safari ya kilometa 468 kutoka Metz kwenda Dunkerque, foki ikavunjika tena, karibu na Valenciennes. Akaitengeneza kwa mikono yake, muda ukapita zaidi ya saa moja, na jezi ikaenda kwa Mbelgiji Firmin Lambot. Christophe akawa wa tatu.

Safari hii wananchi hawakungoja waamuzi. L'Auto lilifungua mchango kwa ajili yake, na fedha zilizoletwa na wasomaji zikapita zawadi aliyopewa mshindi.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 37, foki ilimvunjikia kwa mara ya tatu, katika mlima Galibier. Akashuka kwa miguu, akaitengeneza, akaendelea. Alimaliza wa nane.