Sikio Ardhini

Mnunuzi wa chungu gulioni hakivunji ili ajue uzima wake. Hukigonga kwa kidole na kutega sikio. Wataalamu wa matetemeko huijua dunia ilivyo kwa ndani kwa njia inayofanana na hiyo, na historia ya kazi yao imepita katika nchi yetu bila wengi wetu kuambiwa.

Sisi wa Mbesa, huku Ruvuma, tumezoea kuyatafuta ya chini kwa jembe na sururu. Mwaka 1994 na 1995 watu walimiminika Tunduru kuchimba yakuti, na mashimo yao yalikuwa ya mita chache tu. Warusi walianza kuchimba shimo la Kola mwaka 1970, wakafikia mita 12,262 mwaka 1989. Hata hivyo, mahali ambapo mwamba moto wa tabaka liitwalo koti la dunia unakutana na kiini cha chuma ni kama kilomita 2,900 chini ya miguu yetu, karibu sawa na umbali wa kutoka Mbesa hadi Khartoum. Shimo la Kola halifiki hata sehemu moja katika mia mbili za safari hiyo.

Yanayofika huko ni mawimbi ya matetemeko. Kwenye mwamba baridi huenda mbio, na kwenye mwamba wenye joto zaidi hupunguza mwendo. Anayejua tetemeko lilitokea wapi na saa ngapi, akiwa na chombo cha kunasa mtikisiko, atajua wimbi limechelewa sekunde ngapi. Wimbi moja halisemi lilicheleweshwa wapi. Yakikusanywa maelfu yaliyopishana njia, ramani huanza kujitokeza.

Naam, chombo lazima kiwepo. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa karibu 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa Afrika Mashariki. Ardhi iliyotikisika ilikuwa yetu, lakini vyombo vilivyotuachia kumbukumbu yake vilikuwa nchi za mbali. Kwa miaka mingi iliyofuata vituo barani mwetu vilikuwa vichache mno. Mwaka 1984 Adam Dziewonski wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha ramani ya sehemu ya chini ya koti la dunia, ikionyesha maeneo mawili makubwa ya mwendo wa polepole, moja chini ya Pasifiki na jingine chini ya Afrika. Lakini picha ilikuwa na ukungu.

Ndipo mwaka 1994 na 1995, wakati Tunduru inachimba yakuti, wataalamu wa Marekani wakishirikiana na Watanzania waliweka vituo 20 vya muda nchini. Safari hii wengine walitikisika, sisi tukasikia. Mawimbi hayo yalisaidia kuonyesha kwamba chini ya Afrika kuna eneo kubwa la mwamba wa mwendo wa polepole, lililoinuka zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwenye mpaka wa kiini. Mwaka 1999 Jeroen Ritsema na wenzake walieleza kwamba eneo hilo limelala mshazari, kutoka chini ya kusini mwa Afrika likipanda kuelekea Afrika Mashariki. Wengi wanalihusisha na kuinuka kwa nyanda zetu na kupasuka kwa Bonde la Ufa. Kama ni joto pekee, au mwamba wenyewe ni wa aina nyingine, wataalamu bado wanabishana.

Vituo vile viling'olewa kazi ilipokwisha. Hapo ndipo penye fundisho, kwa maoni yangu. Mawimbi hupita chini ya kila kijiji, pawe na wa kusikiliza au pasiwe, na pasipo na sikio la kudumu ramani hubaki na ukungu. Mpango wa AfricaArray uliongeza vituo na kusomesha Waafrika. Mwaka 2013 Mtanzania Gabriel Mulibo, pamoja na Andrew Nyblade, walichapisha uchunguzi uliofuatilia mwamba huo wa polepole chini ya Afrika Mashariki hadi sehemu ya chini ya koti la dunia. Yakuti ya Tunduru iliuzwa, ikaenda zake. Elimu ya kusikiliza ikikaa kwa wenyeji, haiondoki na mnunuzi.