Ulinzi wa Watoto na Vijana katika Huduma ya Saikolojia

Ulinzi wa watoto na vijana katika huduma ya saikolojia ni wajibu alionao mwanasaikolojia au mshauri nasaha, pamoja na kituo anachofanyia kazi, wa kumkinga mteja aliye chini ya umri wa miaka 18 asipigwe, asiingiliwe kimwili, asidhalilishwe, asitelekezwe wala asitumikishwe, iwe nyumbani, shuleni, mtaani au ndani ya chumba cha ushauri chenyewe. Tiba hushughulikia maumivu aliyokuja nayo mtoto. Ulinzi hutaka kujua kwanza kama usiku wa leo anakwenda kulala mahali salama, na jibu la swali hilo hutangulia tiba yoyote.

Kwa muda mrefu madaktari walitibu watoto waliovunjika mbavu na miguu bila kutaja aliyewaumiza. Mwaka 1962 daktari wa watoto C. Henry Kempe wa Denver, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha makala iliyoeleza dalili za mtoto anayepigwa na walezi wake. Kufikia 1967 majimbo yote ya nchi hiyo yalikuwa yametunga sheria za utoaji taarifa za ukatili huo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 uliiweka kazi ya kumlinda mtoto mikononi mwa kila serikali kupitia kifungu cha 19. Kenya iliuridhia mwaka 1990 na Tanzania 1991.

Ukubwa wa tatizo katika Afrika Mashariki unajulikana. Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa mwaka 2009 na kutangaza matokeo 2011: karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti wa Kenya wa 2010 ulikuta asilimia 32 kwa wasichana na 18 kwa wavulana. Kwa hiyo mtaalamu anayehudumia watoto na kuamini kwamba kesi kama hizi hazijawahi kufika kwake, yamkini zimefika na hakuzitambua. Mtoto huletwa kwa sababu nyingine kabisa: ameanza kukojoa kitandani tena, ameshuka darasani, amekuwa mkali, hataki kubaki peke yake na mtu fulani. Hakuna hata moja kati ya dalili hizo inayothibitisha ukatili, lakini kila moja inastahili kuulizwa.

Suala gumu kuliko yote ni usiri. Ushauri nasaha hauendi bila siri, na kijana wa miaka 15 anayehofia kwamba kila neno litamfikia mama hatasema la maana. Hata hivyo, ahadi ya kutunza siri zote ni ahadi ambayo mtaalamu hana mamlaka ya kuitoa. Tanzania Bara, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa husika. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya 2011, na Kenya ina Sheria ya Watoto ya 2022. Mipaka ya siri huelezwa siku ya kwanza, mzazi akiwepo, kwa maneno anayoyaelewa mtoto: “Tunayozungumza yanabaki hapa. Ila nikisikia kwamba kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au kuna mtoto mwingine yuko hatarini, itabidi nimwambie mtu wa kusaidia. Nitakuambia wewe kwanza.” Anayeeleza hivyo mapema hamsaliti mtoto siku taarifa inapotolewa. Anayenyamaza, akaja kuivunja siri ghafla, humfunza mtoto kwamba watu wazima hawaaminiki.

Mtoto anapofunguka, mwanasaikolojia si mpelelezi. Kesi ya shule ya awali ya McMartin huko California, iliyoanza 1983 na kwisha 1990 bila mtu yeyote kutiwa hatiani, ilionyesha madhara ya kumhoji mtoto kwa maswali yanayomwekea jibu mdomoni. “Mjomba alikushika?” ni swali baya. “Hebu nieleze ilivyokuwa” linatosha, na baada ya hapo kazi ni kusikiliza. Maneno ya mtoto huandikwa siku hiyohiyo, vilevile alivyoyasema, hata kama kiungo cha mwili amekitaja kwa jina la kitoto. Mtoto anayerudishwa kusimulia kwa mama, mwalimu, mjumbe, polisi na daktari huumizwa upya kila mara, na maelezo yake hudhoofika mahakamani.

Nchini Tanzania taarifa hupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Nchini Kenya ni afisa wa watoto au dawati la jinsia la polisi. Vituo vya Mkono kwa Mkono, vilivyopo Bara na Zanzibar, huweka daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Saa zina uzito hapa: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa huanzishwa ndani ya saa 72. Mzazi au ndugu anayeshukiwa haarifiwi kwanza, maana anaweza kumficha mtoto au kumtisha.

Kikwazo kikubwa ni watu wa nyumbani. Zanzibar huitwa muhali, yaani kunyamaza ili jamaa wasiaibike. Kaskazini mashariki mwa Kenya kesi humalizwa kwa maslaha, yaani usuluhishi wa wazee. Kwingineko husemwa tu kwamba mambo yamalizwe kifamilia. Fidia hupokelewa, mtoto huachishwa kuja kwenye ushauri, na faili hufungwa kwa maelezo kwamba mteja hakuhudhuria. Maelezo hayo si ya haki. Mtoto hajileti mwenyewe kituoni, na asipoletwa mara mbili bila sababu, hilo nalo ni jambo la kufuatilia na kutolea taarifa. Mtaalamu anayekubali kunyamaza ili familia isiaibike ameshachagua upande, na upande huo si wa mtoto.

Ulinzi unamhusu pia mtaalamu mwenyewe. Kituo makini huchunguza mwenendo wa kila anayeajiriwa, pamoja na mpokezi na dereva, huteua mtu mmoja wa kupokea malalamiko, na hutumia chumba chenye mlango wa kioo unaoonyesha waliomo bila kutoa sauti. Zawadi za siri, lifti kwenye gari binafsi na jumbe za usiku kwenye WhatsApp haziruhusiwi. Ushauri wa mtandaoni huanza kwa kuuliza mtoto yuko wapi na nani yupo karibu, kwa sababu simu nyingi za watoto ni simu za wazazi. Kumbukumbu za mtoto hulindwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022.

Kenya na Tanzania zote zina namba ya simu ya huduma kwa mtoto, 116. Haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.