Kuku wa silki: hesabu vidole kabla ya kuhesabu pesa

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ukienda kununua kuku wa silki, iwe Lunga Lunga, Msambweni au Diani, mwombe muuzaji aifungue kwanza hiyo kamba. Manyoya laini kama hariri ndiyo yanayovuta macho, lakini anayemjua kuku huyu humgeuza akamtazama miguu.

Vidole vitano, kila kimoja mahali pake

Kuku wetu wa kienyeji, hata kuchi mwenye miguu mirefu, kwa kawaida ana vidole vinne: vitatu mbele na kimoja nyuma. Silki ana vitano. Vitatu huelekea mbele, cha nne hukaa nyuma kikikanyaga chini, na cha tano huota juu ya hicho cha nne, kikajipinda kuelekea juu bila kugusa ardhi.

Mshike kuku, pangusa matope, kisha hesabu kila mguu peke yake, maana anaweza kuwa na vitano huku na vinne kule. Jaribu kukitenganisha cha nne na cha tano. Vikiwa vimeshikana, cha tano kikilala chini, au pakiwa na cha sita, hiyo ni kasoro. Kuku huyo atataga kama wenzake, ila hafai kwa maonyesho wala kwa mbegu.

Rangi na manyoya

Ngozi ya silki ni nyeusi, na miguu yake ina rangi ya risasi. Miguu yenye ukijani ni kasoro. Manyoya yashuke upande wa nje wa mguu mpaka kidole cha kati na cha nje. Manyoya magumu yanayochomoza nyuma ya kifundo hayatakiwi. Wamarekani walimwingiza silki katika kitabu chao cha vigezo mwaka 1874, na kwao asiyetimiza vidole vitano huondolewa mashindanoni.

Vitano pekee havitoshi

Hapa ndipo wengi huliwa pesa zao. Kidole cha tano hurithiwa kwa nguvu: mzazi mmoja akiwa nacho, vifaranga wengi huzaliwa nacho. Manyoya ya hariri ni kinyume chake, lazima yatoke kwa baba na mama. Basi jogoo wa silki akimpanda tembe wa kienyeji, vifaranga wengi watakuwa na vidole vitano, lakini wakikua watavaa manyoya ya kawaida. Kifaranga wa siku chache ana manyoya malaika tu, kwa hiyo vidole havithibitishi kwamba ni silki halisi. Omba uonyeshwe wazazi wote wawili.

Na kifaranga akiwa na vinne, ukaambiwa cha tano kitaota baadaye, rudisha pesa mfukoni. Kidole hicho kuku huanguliwa nacho.

Afya ya miguu

Magamba yaliyoinuka yenye ukoko mweupe ni dalili ya utitiri wa miguu, nao huambukiza kuku wengine. Osha miguu na kuipaka mafuta mazito kama vaselini, urudie mpaka magamba yalale. Uvimbe wenye kigaga cheusi chini ya unyayo ni jipu. Mwone daktari wa mifugo.

Kucha ya kidole cha tano haisuguliwi na ardhi, hivyo hurefuka na kujikunja. Ikate ncha kidogo kidogo, kwa sababu ikiwa nyeusi mshipa wa damu hauonekani.

Wakati wa masika, matope hushika manyoya ya vidoleni yakakauka kama mawe. Tandika maranda makavu bandani, na mvua ikinyesha usimwachie nje. Matope yakishaganda, yaloweshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka yalainike. Ukiyavuta makavu utang'oa manyoya, na mwenye kununua atayaona mapengo.