Herufi Zilizochongwa Kinyume: Chapa za John Muafangejo

Linoliamu ni kitu kilichokusudiwa kukanyagwa. Ni tandiko gumu la sakafu, lililobuniwa Uingereza katika karne ya 19, likatengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa gome lile litumikalo kwa vizibo vya chupa. Wachoraji walilipenda kwa sababu ni laini kuliko ubao na halina nyuzi za kuipotosha patasi. Mchongaji huondoa sehemu anazotaka ziwe nyeupe, hupaka wino juu ya zilizosalia, kisha hulaza karatasi na kuikandamiza. Karatasi ikibanduliwa, picha huwa imegeuka, mkono wa kulia umekuwa wa kushoto. Atakaye kuandika neno hana budi kulichonga kinyumenyume. Asiyesadiki na akate kiazi, achonge herufi R, aichovye katika wino.

Hivyo ndivyo alivyoandika John Muafangejo. Alizaliwa mwaka 1943 kusini mwa Angola, miongoni mwa Wakwanyama, watu ambao mpaka uliochorwa na Wareno na Wajerumani uliwagawa pande mbili. Baba yake alipofariki, mama alivuka mpaka kuelekea misheni ya Kianglikana katika nchi tuiitayo leo Namibia, na mtoto akamfuata. Nchi hiyo ilikuwa mikononi mwa Afrika Kusini, iliyoinyang'anya Ujerumani mwaka 1915 na baadaye kuiletea sheria zake za ubaguzi wa rangi. Mwaka 1966 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangazia Afrika Kusini kwamba mamlaka yake yamekwisha, haikuondoka.

Wamisheni walikiona kipaji cha kijana huyo, naye akapelekwa Rorke's Drift, Natal. Hapo palikuwa na kituo cha sanaa cha Kanisa la Kilutheri, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Waswidi wawili, Peder na Ulla Gowenius. Chini ya utawala ule, zilikuwa chache mno sehemu ambazo Mwafrika angeweza kusomea uchoraji. Azaria Mbatha alikuwa amekwisha kutangulia hapo, akisimulia visa vya Biblia kwa chapa za linoliamu. Muafangejo naye alichonga Biblia, akachonga pia vita vya mwaka 1879 kati ya Wazulu na Waingereza, vilivyopiganwa mahali hapo hapo.

Chapa zake ni nyeusi na nyeupe, zimejaa hadi ukingoni, na katikati ya watu na wanyama mna sentensi nzima. Aliandika Kiingereza, lugha aliyojifunza baada ya Kikwanyama. Tahajia imekwenda mrama hapa na pale, na sarufi ina njia zake. Kwenye daftari neno hufutwa. Kwenye linoliamu kilichokatwa hakirudi. Wapo wanaoyaona makosa hayo kuwa ushamba wa kupendeza. Mimi, nisahihishaye madaftari kwa kalamu nyekundu kila wiki, siafiki. Mtu anayechonga herufi moja moja, kinyume, katika lugha ya kujifunza, amekwisha kuamua kwamba neno lake lazima lisomwe. Naye alikuwa na mengi ya kusema: maaskofu, arusi, mazishi, upweke wake mwenyewe. Kipande kimoja kilitoa nakala nyingi, kila moja ikiwa na maneno yale yale.

Mwaka 1984, vita vya ukombozi vikiendelea, alichonga watu wawili waliokumbatiana, akaandika humo juu ya matumaini licha ya matatizo yaliyopo.

Alifariki Novemba 1987 huko Katutura, kitongoji ambako Waafrika wa Windhoek walihamishiwa kwa nguvu. Bendera ya Namibia huru ilipandishwa tarehe 21 Machi 1990. Kituo cha sanaa mjini Windhoek kilipewa jina lake, na chapa zake zimo katika majumba ya makumbusho, tahajia ikiwa kama alivyoikata.