Mlango wa mahakama na ufunguo wake

Mashariki mwa Woolwich, London, penye nyanda zilizokuwa vinamasi vya mto Thames, ndipo lilipo gereza la Belmarsh. Wageni walioshukiwa kuwa magaidi walizuiliwa humo bila kufunguliwa mashtaka, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2001. Wakaenda mahakamani, na tarehe 16 Desemba 2004 majaji 8 kati ya 9 wa Baraza la Mabwana waliamua kwamba sheria hiyo ilikiuka haki zao.

Ushindi huo usingepatikana bila mlango wa mahakama kuwa wazi. Hata hivyo, Uingereza ina sheria ya zamani inayoweza kumfungia mtu mlango huo.

Chanzo chake ni Alexander Chaffers, mwanasheria aliyefungua kesi 48 za madai katika miaka ya 1890. Miongoni mwa aliowashtaki walikuwamo mrithi wa kiti cha ufalme, Askofu Mkuu wa Canterbury na Spika wa Bunge. Takriban zote alishindwa, na gharama alizoamriwa kulipa hakuzilipa. Aliyeshinda dhidi yake, basi, alitoka mahakamani na hasara. Mwaka 1896 Bunge likapitisha sheria dhidi ya kesi za usumbufu, na Chaffers akawa wa kwanza kubanwa nayo.

Sheria haikumnyima mtu haki ya kushtaki moja kwa moja. Mwanasheria Mkuu huiomba Mahakama Kuu imtangaze mtu huyo kuwa msumbufu, na jina lake huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Kuanzia hapo hawezi kufungua kesi bila idhini ya jaji.

Hapo ndipo penye utata. Aliyeshindwa mara 20 huenda ana haki katika kesi ya 21, na mashauri ya nyuma hayapimi uzito wa hilo jipya. Isitoshe, sheria ya mwaka 1981, iliyorithi ile ya 1896, inasema jaji akikataa kutoa idhini, hakuna rufaa.

Wakoloni waliipeleka sheria ya aina hiyo Kenya, nayo ikabaki vitabuni baada ya uhuru kama Sura ya 41. Lakini kifungu cha 48 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na ada isiwe kizuizi. Jaji wa Nairobi anayeombwa kumfungia mtu mlango hana budi kuzisoma zote mbili.